Kidole cha Bwana Afya

Kidole chenyewe ni cha shahada, cha mkono wa kulia, na kwa miaka mingi hapa Kariakoo kiliogopwa kuliko mgambo. Mgambo ukiwaona unabeba sufuria unakimbia, na kesho yake mkikutana mnataniana. Kidole kile hukikimbii. Kinapita chini ya ubao wa meza, pale ambapo wewe mwenye meza hujawahi kuinama ukapaangalia, kisha mwenyewe anakiinua kwenye mwanga na kukitazama taratibu kama anasoma barua ya kutoka nyumbani. Halafu anatoa daftari kwenye mfuko wa shati.

Mimi ni mama lishe. Kichochoro changu kiko nyuma ya maduka ya vitambaa. Asubuhi napika chapati, maharage na uji, mchana wali na samaki. Nilianza na mtoto mgongoni, na mtoto huyo sasa ana watoto wake. Miaka yote hiyo yule mzee mwenye kidole ananiita Binti, nami sijawahi kumsahihisha. Kwa umri wangu huu, nani mwingine ataniita Binti?

Yeye tulimwita Bwana Afya kwa sababu ndiyo kazi aliyoifanya: kupita kwenye migahawa, mabucha na vijiwe vya kina sisi kuangalia kama tunalisha watu au tunawaua. Jina lake liko kwenye karatasi fulani huko serikalini, sisi hatukulihitaji. Ilitosha mtu wa mwanzo wa kichochoro akohoe mara mbili, wote tukajua nani anakuja. Vifuniko vinarudi kwenye sufuria, meza zinafutwa, ndoo ya kunawia inatolewa uvunguni.

Salamu yake ilikuwa ya aina yake. Ukimwambia shikamoo, anaitikia marahaba, na kwa pumzi hiyo hiyo anauliza maji ya kunywa yamechemshwa saa ngapi. Habari za watoto hakuuliza mpaka awe ameshafunua sufuria. Hata msibani alikuwa hivyo. Nilimwona kwa macho yangu kwenye msiba wa jirani yetu muuza mkaa: kavua viatu, kaingia, na kabla hajawapa wafiwa pole akapitia uani kwanza kuangalia pilau limewekwa wapi. Wapishi wakasogea wenyewe. Aliporudi mbele alilia kweli kweli, maana marehemu alikuwa rafiki yake wa siku nyingi. Lakini pilau kwanza.

Milango aliifungua kwa kiwiko, na bomba alilifunga kwa kiwiko. Alipostaafu akaanza kunywa chai kwangu kila siku, alikuja na kikombe chake mwenyewe kwenye kitambaa cheupe, na bado alikisuuza kwa maji ya moto mbele yangu ili nione. Siku moja nikamuuliza mkewe, Mungu amrehemu, alimvumilia vipi. Akasema mkewe alikuwa mchafu kidogo, na kwamba nyumba haina hata chembe ya vumbi tangu amkose. Akanywa chai yake, nami nikageuza chapati zangu.

Nimesema alistaafu. Alistaafu yeye, kidole hakikustaafu. Hakuwa na kitambulisho tena wala mamlaka ya kumfungia hata muuza karanga, na wote tulijua, na hakuna aliyethubutu kumwambia. Akipita, bado tulikohoa mara mbili.

Neno moja tu hakuwa nalo mdomoni: safi. Ukijitahidi sana, ukasugua mpaka kucha zikachanika, alisema, "Inaridhisha." Ukizembea kidogo alisema, "Nitarudi." Na ukizembea zaidi alisema, "Funga." Mimi aliniambia funga mara moja, miaka hiyo bado ana kitambulisho, kwa ajili ya mende mmoja kwenye chujio la chai. Mende mmoja, tena mdogo. Siku tatu nilikaa nyumbani nalia na kumtukana, nikimwombea yampate ya kumpata. Siku ya nne nikafungua kijiwe kinang'aa, akaja, akapitisha kidole, akasema inaridhisha. Nilimuuliza hilo neno safi analiwekea nani. Akasema mtu ukishamwambia safi, anakaa chini. Basi nikajiapiza kwamba siku moja ama nitalisikia neno hilo, ama nitamkamata yeye na uchafu wake.

Kumkamata, nilimkamata. Nilikwenda Feri kununua samaki, nikazunguka nyuma ya malori nikipisha toroli, nikamkuta kwenye sinia la pweza. Ninyi mnajua pweza wa Feri: wanakatwa vipande, kila mlaji na kijiti chake, na bakuli la pilipili ni moja kwa kijiwe kizima, kuanzia wapagazi mpaka mabaharia. Yule mzee alichoma kipande, akachovya, akala, akakitia kijiti kile kile mdomoni akakifyonza, akakirudisha kwenye bakuli. Alipogeuka tukatazamana.

"Nakagua," akasema, pweza yuko shavuni.

"Kagua, mzee," nikamjibu, nikaenda zangu kununua samaki. Njia nzima nilicheka peke yangu, na siri ile nikaiweka mahali pazuri.

Vita vyake vikubwa vilikuwa na panya. Ni yeye aliyetufundisha kuweka magunia juu ya mbao na kuziba matundu kwa nyuzi za chuma za kusugulia masufuria. Alimchukia panya kiasi kwamba kwenye daftari hakumwandika kwa jina, alimwandika mharibifu. Kwa hiyo fikirieni Kariakoo ilivyopokea habari kwamba Bwana Afya anafuga panya.

Si panya, alituambia mmoja mmoja, kwa uvumilivu wa mwalimu wa darasa la kwanza. Ni chinchila. Anatoka milima ya baridi huko Amerika ya Kusini. Sisi tuliona masikio ya panya, sharubu za panya, meno ya panya, na mkia wa kindi. Binti yake, anayekaa Kigamboni, alikuwa akiwafundisha masomo ya ziada watoto wa familia moja ya Upanga. Familia ikahamia ng'ambo, mnyama hakuweza kwenda, mume wa binti naye akawa anapiga chafya, basi mnyama akaletwa kwa Baba kwa wiki mbili tu. Wiki mbili hizo zina mwaka wa nne sasa. Mzee akampa jina la Mgeni.

Mgeni hawezi joto, akipata joto letu la Dar anaweza kufa. Binti akafunga kiyoyozi chumbani kwa baba yake, kile chumba cha ghorofa ya pili juu ya kichochoro chetu, na umeme ukikatika mzee anateremka mbio kichochoroni kuchukua chupa ya barafu anayoihifadhi kwenye friji ya jirani yangu muuza juisi. Anaizungushia taulo na kuiweka kando ya kizimba. Mtaa ulicheka mpaka ukachoka. Panya ana AC, walisema, na mzee amepanga kwa panya.

Lakini ungekiona kizimba chenyewe, ungenyamaza. Sebule yangu haijafikia usafi ule. Chini alitandika maranda makavu aliyoyachagua mwenyewe kwa seremala, akiyanusa konzi kwa konzi asije akaleta ya mbao yenye dawa. Kila asubuhi alifagia vinyesi kwa brashi ndogo, vinyesi vikavu kama punje za mchele mweusi. Maranda yaliyolowa mkojo aliyatoa siku hiyo hiyo. Chupa ya maji aliisugua kila siku kwa brashi ya chupa za watoto. Mara moja kwa wiki Mgeni aliingizwa kwenye sanduku lake, kizimba kikafutwa chote kwa maji ya moto na siki, bila sabuni, na zile mbao anazorukia zikaenda kuanikwa juani juu ya paa, zikawekwa nyingine zilizokauka. Unyevu ndio adui, alisema, mnyama huyu manyoya yake yakilowa hayakauki, yanaota ukungu hadi kwenye ngozi. Ukutani palikuwa na ratiba kama zile za vyoo vya ofisini, yenye safu mbili: Amesafisha, Amekagua. Alisaini zote mbili mwenyewe, kwa kalamu mbili tofauti.

Na kuoga, Mgeni anaoga vumbi. Nawaambieni nilivyoona. Anawekewa bakuli la vumbi jeupe, laini kama unga wa sembe, anajitupa humo, anagaagaa, anatoka msafi. Yule mzee aliyetuandikia onyo kwa ajili ya vumbi la barabarani alikuwa akichekecha vumbi kwa chujio, alitoe uchafu.

Siku alipokwenda kupasuliwa ngiri alikuja kwangu na ufunguo. Nikamuuliza kwa nini mimi, wakati ni yeye aliyenifungia. Akasema, "Wewe ndiye ninayeujua uchafu wako." Akaniachia maelekezo kurasa nne. Nikayasoma yote, na siku ya tatu nikafanya yangu. Jamani, mimi nimelelewa Kiswahili. Mtu hawezi kukaa siku tatu hajaguswa na maji, sembuse kiumbe anayejipaka vumbi. Nikachukua beseni, maji ya uvuguvugu na sabuni ya mche, nikamwogesha Mgeni kama ninavyowaogesha wajukuu, shingoni, kwapani, nyuma ya masikio. Alinitazama kwa namna ambayo bado naikumbuka. Alipotoka majini alikuwa kama kitambaa cha kudekia, mdogo, anatetemeka, na manyoya yakagoma kukauka. Mchana kutwa nilikaa naye mapajani nimemfunga khanga, nampepea kwa ungo karibu na jiko la mkaa, namwomba Mungu kwa sauti, wateja wanauliza wali uko wapi. Alipona. Nilifunga mdomo wangu, nikaahidi kufa nayo.

Mzee alirudi hospitali, akamnyanyua Mgeni, akamnusa mara moja tu. Hakugomba. Kesho yake alinishushia karatasi imeandikwa kwa herufi kubwa, ONYO LA KWANZA, na chini yake maelezo kwamba maji si usafi kwa kila kiumbe. Ninayo mpaka leo. Mwezi mzima alikunywa chai yangu bila kusema neno.

Sasa nifike kwenye lililoniuma. Mwaka jana aliteleza kwenye ngazi, akachubuka paja. Binti yake akaja na uso wa uamuzi. Mzee mwenyewe ndiye aliyenisimulia, akijifanya ni jambo dogo: kwamba binti kasema kizimba ndicho kipimo, siku atakapokikuta kichafu atajua baba hawezi tena kukaa peke yake. Mgeni atatafutiwa mtu, na baba atahamia Kigamboni. Nikamuuliza Kigamboni kuna ubaya gani. Akasema hewa ni nzuri, nyumba ni nzuri, majirani hawana uchafu, na mtu kama yeye atakaa pale anafanya nini. Alicheka, akakisuuza kikombe mara ya pili. Nilielewa kwamba tukimhamisha huyu kutoka kwenye uchafu wetu, hatadumu.

Baada ya hapo akaanza kupita asinione. Shikamoo yangu ilimgutusha kana kwamba imetoka ukutani. Chai aliimimina nje ya kikombe. Nilidhani ni kiburi cha uzee, nikamnunia wiki nzima. Alhamisi moja hakushuka kabisa, nikampandishia uji.

Harufu ilinipokea mlangoni. Mzee amekaa kwenye kiti chake, shati limepigwa pasi, Mgeni yuko juu ya ubao wake kajikunyata. Nikasogea kwenye kizimba. Maranda yameshikana kwenye pembe, yameota ukungu mweupe. Chupa ya maji ina utelezi wa kijani ndani. Nikatazama ratiba ukutani: imesainiwa yote, siku zote, kalamu mbili, lakini saini zimetoka nje ya vyumba vyake, nyingine imeishia kwenye rangi ya ukuta.

Siku hii niliingoja miaka ishirini na zaidi. Nitasema kweli, moyo ulinicheza kwa furaha kwanza. Nikapitisha kidole changu cha shahada chini ya ubao wa chini, taratibu, kama nilivyofundishwa. Kikatoka cheusi, kimenata. Nikakipeleka mbele ya uso wake, nikakiinua kwenye mwanga wa dirisha.

"Mzee, hiki unakionaje?"

Akakitazama. Alikitazama kwa muda wake ule ule, kichwa upande.

"Safi," akasema.

Nilikaa chini sakafuni. Neno langu nimelipata, na sikulitaka tena. Nilimsogezea vidole vitatu, nikamuuliza ni vingapi, akasema nisimchezee. Nikamuuliza tena, kwa upole. Ndipo akasema jicho la kushoto ni ukungu mtupu tangu mfungo, na la kulia linaona kivuli cha mtu.

Binti yake alikuwa anakuja Jumapili. Nikapandisha mikono ya gauni. Nilimtia Mgeni kwenye sanduku lake, nikamwaga maranda yote, nikakwangua pembe kwa kisu cha vitunguu, nikafuta nondo moja moja kwa siki na maji ya moto. Mbao nikazipeleka paani, zikala jua la Ijumaa na Jumamosi. Chupa niliisugua mpaka nikaona upande wa pili. Tone la maji halikumgusa Mgeni, na nadhani alilitambua hilo, maana alininyanyulia sharubu. Mzee alikaa muda wote mikono magotini. Aibu yake niliiona, ikanichoma.

Nikiwa bado nimepiga magoti nikamwambia Jumatatu tunakwenda kupima macho. Akasema haendi. Hospitali watamwita binti, binti atajua, na safari ya Kigamboni itakuwa siku hiyo hiyo.

"Basi Jumapili nitamweleza habari za pweza," nikasema.

Akajiweka sawa kitini.

"Ule ulikuwa ukaguzi."

"Kijiti ulikifyonza, ukakirudisha kwenye pilipili ya watu."

Akashusha pumzi. "Jumatatu saa ngapi?" akauliza.

Jumapili binti akaja. Kumbe kidole ni cha ukoo. Alikipitisha chini ya ubao wa kwanza, wa pili, wa tatu, akakiinua dirishani, akatabasamu, akasema, "Safi, Baba." Mzee akakohoa kidogo na kumwambia inaridhisha. Mimi nilikuwa mlangoni nimeshika chupa ya uji, natazama viatu vyangu.

Uongo haukuishi. Daktari alisema ni mtoto wa jicho, yote mawili, na kwa upasuaji akataka ndugu asaini. Binti alikuja hospitali, akasikia yote, akanigeukia kwenye kibaraza. "Mama, ulinidanganya," akasema. Nikamwambia ndiyo, nilimdanganya. Alilia kwa hasira, nami nikamwacha alie. Alipotulia tukapatana hivi: lifanywe jicho la kulia kwanza. Likirudi, mzee anabaki Kariakoo na Mgeni wake. Lisiporudi, Kigamboni, na hakuna mjadala.

Shida ni kwamba mzee siku ile ile ya kufunguliwa bandeji alitangaza anaona mpaka Zanzibar. Alisoma ubao wa herufi wa daktari bila kukosea, na muuguzi akatuambia alisikika akiukariri foleni nzima wakati wenzake wakiusoma. Binti akanipigia simu jioni. Akasema baba yake ataapa anaona hata akiwa gizani, na kwamba mtu pekee atakayemwamini ni mimi, na safari hii nisithubutu kumdanganya. Nikamuahidi.

Wiki mbili baadaye akashuka kunywa chai kwa mara ya kwanza. Asubuhi ile, kabla hajaja, nilichukua masizi ya chini ya sufuria ya maharage, nikayapaka chini ya ubao wa meza yangu, kwenye ukingo anaopenda kuupitia. Si mengi, kiasi tu. Nikaendelea na chapati, simu iko kando ya unga, kwa sababu nilikuwa nimeshaapa: akisema safi, au akisema inaridhisha, nanyanyua simu.

Mtu wa mwanzo wa kichochoro akakohoa mara mbili. Mzee akaja na miwani myeusi na kikombe chake kwenye kitambaa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, maji yamechemshwa saa ngapi?"

Nikamjibu. Akakaa. Wateja wanne walikuwa mezani, hawajui kitu, wanakula. Kidole kikatoka, kikapita chini ya ubao, polepole, upande mmoja hadi mwingine. Akavua miwani. Akakiinua kidole kwenye ule mwanga mwembamba unaoshuka kati ya maghorofa. Alikitazama muda mrefu mno. Nilisikia chapati inaungua na sikuigusa.

"Binti," akasema.

"Abee."

"Hiki ni nini?"

"Masizi, mzee."

Akakifuta kwenye leso, akatoa daftari, akaandika, akalirudisha mfukoni.

"Funga," akasema.

Nikafunika sufuria ya maharage, nikafunika uji, nikamwaga mkaa. Wateja wakagomba kwamba yule mzee hana mamlaka yoyote, nikawaambia wamalize wanywe maji waende. Nikampigia simu binti yake, nikamwambia, "Baba yako amenifungia." Nilisikia anahema, halafu akaanza kucheka huku analia, nami nikaanza.

Mzee alikuwa amesimama na kikombe chake, ananiangalia, ananiona. Akauliza, kwa kuwa leo sina kazi, ninakwenda wapi. Nikamwambia Feri, kukagua. Saa tano tulikuwa nyuma ya malori, kila mmoja na kijiti chake, bakuli la pilipili moja.